Debe la Mafuta ya Taa na Sauti Mia

Paukwa!

Mmeitikia vizuri, basi kaeni. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ni ya mtu aliyeishi kweli, mtunzi wa nyimbo za kwaya, Mchina, na najua baadhi yenu mnajiuliza Mchina na sisi watu wa Malindi na Kilifi tunahusiana vipi. Tunahusiana tangu zamani. Nendeni Gede mkaone vigae vya vyombo vya Kichina vilivyofukuliwa kwenye magofu tangu James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948. Pale Mambrui, mwaka 2010, waakiolojia wa Kenya na wa China waliokota sarafu ya enzi ya mfalme Yongle. Mfalme huyo ndiye aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415, na miaka michache baadaye meli za amiri wake Zheng He zikafika pwani yetu kuwarudisha wajumbe waliompeleka.

Habari za twiga mmezisikia shuleni. Za mtunzi huyu pengine hamjazisikia, na mimi naona zinawafaa zaidi, hasa nyinyi mnaoimba kwaya ya shule na ya kanisa.

Anaitwa Xian Xinghai. Tamka Shien Shinghai, utakuwa karibu sana. Alizaliwa Macau mwaka 1905, katika ukoo wa watu wa majini, wale Wachina wa kusini ambao kwa vizazi vingi nyumba zao zilikuwa mashua. Baba yake alikuwa baharia, akafariki kabla ya kumwona mwanawe. Mama, Huang Suying, akamlea peke yake. Mtoto alipokuwa bado mdogo walivuka bahari mpaka Singapore, mama akawa anafanya vibarua ili mwana asome, na huko shuleni ndiko alikoanza kufundishwa muziki. Alipokua akasoma Guangzhou, kisha Beijing, kisha Shanghai. Mwisho akaenda Paris, akiwa na fidla na mfuko mtupu.

Paris ilimtesa. Aliosha vyombo hotelini, akahudumia mezani, akafanya kazi yoyote iliyopatikana, na usiku alisoma muziki. Chumba chake kilikuwa kibovu. Usiku mmoja wa baridi upepo ulikuwa ukipenya ndani mpaka hakuweza kulala, basi akakaa akatunga wimbo, akauita Upepo. Wimbo huo ulisaidia kumfungulia mlango kwa Paul Dukas, mmoja wa watunzi wakubwa wa Ufaransa, akawa mwalimu wake. Mwaka 1935 Xian akarudi kwao.

Kwao kulikuwa kunaelekea vitani. Mwaka 1937 majeshi ya Japani yaliivamia China kwa nguvu zote, miji ikaanguka mmoja baada ya mwingine. Watu wengi, vijana hasa, walikimbilia bara, na mwishoni mwa mwaka 1938 Xian naye alifika Yan'an, mji mdogo wa milimani mkoani Shaanxi, ambako watu waliishi katika vyumba vilivyochimbwa ndani ya vilima vya udongo. Kulikuwa na chuo cha sanaa kilichopewa jina la mwandishi Lu Xun. Akafundisha hapo.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo hadithi ilipo.

Kulikuwa na mshairi kijana, Guang Weiran, umri wake miaka ishirini na mitano. Alikuwa akisafiri na kikundi cha maigizo, wakavuka Mto Njano, ule mto mkubwa ambao Wachina wanauita Huang He. Aliwaona wapiga makasia wakipambana na maji yanayochemka kwenye miamba, akawasikia wakiitana na kuitikiana ili makasia yaende pamoja. Baadaye alianguka kutoka kwenye farasi, akavunjika mkono, akalazwa hospitalini Yan'an. Akawa anatamka beti kitandani, mwenzake anaandika. Mashairi yalipokamilika aliwasomea rafiki zake, na Xian alikuwepo. Alipomaliza kusoma, Xian aliyachukua yale makaratasi, akasema atayatilia muziki.

Aliutia kwa siku sita, kuanzia tarehe 26 hadi 31 Machi 1939. Waliokuwa naye wamesimulia jinsi alivyofanya kazi. Aliomba sukari, na Guang akamtafutia kiasi cha kilo moja, jambo ambalo halikuwa rahisi mahali pale wakati ule. Anaandika mstari, anachota sukari, anatia mdomoni, anaandika tena. Mkewe, Qian Yunling, alikaanga maharage ya soya, akayasaga, akampikia kama kahawa. Siku ya sita ilikuwa tayari Kantata ya Mto Njano: kazi ndefu ya kwaya yenye sehemu nane, ambamo mmoja anasimulia, mwingine anaimba peke yake, kisha kwaya nzima inaingia kwa sauti nne.

Sehemu ya kwanza ni ya wale wapiga makasia. Mwenye sauti anatoa, wenzake wanaitikia, na ile kasi inapanda kadiri mawimbi yanavyopanda. Nyinyi hamhitaji kuelezwa sana. Aliyewahi kusimama Ngomeni au Mayungu wavuvi wakisukuma mashua kuiingiza majini anajua: mmoja anaita, kundi linajibu, na jibu ndilo linalosukuma. Mtoto wa ukoo wa mashua kama Xian alikuwa na sauti hiyo damuni kabla hajaijua Paris.

Wimbo upo, lakini utapigwa kwa ala gani? Tarehe 13 Aprili 1939, siku ulipoimbwa mara ya kwanza, walikuwa na fidla chache, mazeze ya Kichina ya nyuzi mbili, filimbi, vinanda vya mdomo. Hawakuwa na ala ya sauti nzito ya chini. Wakachukua debe la mafuta ya taa, wakalifunga ubao na nyuzi, likawa zeze la besi. Ngoma nazo hazikutosha, wakachukua beseni, wakachukua vikombe vya bati wakatia vijiko ndani na kuvitikisa. Mwezi uliofuata, tarehe 11 Mei, Xian mwenyewe aliiongoza kwaya ya watu zaidi ya mia. Mia! Na nyuma yao debe likinguruma.

Nimewaambia habari ya debe kwa makusudi, lakini kilichouokoa wimbo huu ni kitu kidogo kuliko debe. Ni namba.

Wengi wa wale waimbaji walikuwa wanafunzi na askari ambao hawakuwahi kusoma nota za mistari mitano, zile zenye vichwa vyeusi na mikia. Ungewapa karatasi hiyo wangeitazama tu. Basi Xian aliwaandikia kwa namba: 1 ni do, 2 ni re, 3 ni mi, hivyo hivyo mpaka 7 ambayo ni ti. Sifuri ni kunyamaza. Ukiona nukta juu ya namba, ipeleke sauti juu kwa oktava nzima. Ikiwa chini ya namba, ishushe. Kistari kirefu baada ya namba kinakwambia endelea kushikilia. Mstari chini ya namba unakwambia fanya haraka, nusu ya muda wake. Hizo ndizo sheria zenyewe, na mtu akijifunza asubuhi, jioni anaweza kusoma wimbo mwepesi. Andika 5 5 6 5 | 3 – – 0 kwenye daftari, uimbe. Umeona? Umesoma muziki.

Namba hizi hazikuanzia China. Mwaka 1742 Jean-Jacques Rousseau aliwapelekea wataalamu wa Paris pendekezo la kuandika muziki kwa tarakimu, hawakulikubali. Walimu wengine wa Ufaransa wakaliendeleza karne iliyofuata, likavuka mpaka Japani, na wanafunzi wa Kichina waliosoma Japani wakalipeleka kwao mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kule lilikolelewa halikukua sana. China lilienea mpaka vijijini, na hadi leo kwaya nyingi za huko zinasoma namba.

Na sisi je? Sisi tuna solfa. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich huko Uingereza, aliibuni, na John Curwen akaitengeneza na kuieneza katika karne ya kumi na tisa. Wamisionari wakaileta Afrika, nasi tukaifanya yetu. Katika kwaya za Rabai, Kaloleni, Malindi na kwingineko, mwalimu wa kwaya bado anaandika ubaoni d, r, m, f, s, l, t, nukta mbili kutenga mapigo, kistari kushikilia. Namba za Xian na herufi zetu ni kitu kimoja: 1 ya kwake ni d ya kwetu. Hata mikono inasaidia. Ngumi iliyofumbwa ni do. Kiganja kilicholala kikitazama chini ni mi. Kiganja kinachokutazama wewe mwenyewe ni so. Mkono ukining'inia kutoka kwenye kifundo ni la. Mwalimu hodari anaweza kuongoza kwaya nzima kwa mkono wa kulia akiwapa soprano, na wa kushoto akiwapa alto, bila kufungua mdomo.

Hamuoni kwamba mtoto wa Magarini anayejua solfa anaweza kuisoma kazi ya Xian Xinghai kesho asubuhi? Abadilishe namba kuwa herufi, basi. Sauti kwanza, maneno ya Kichina baadaye, na wa kuyafundisha wapo: Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius tangu mwaka 2005, ya kwanza Afrika.

Ila kabla hatujaimba mto wa wenzetu, tuutazame wetu.

Mwaka 1963, Uhuru ukikaribia, Kenya ilihitaji wimbo wa taifa, na kazi ikapewa watu watano. Graham Hyslop alikuwa Mwingereza aliyefundisha na kusimamia muziki katika shule za Kenya, na aliandika hata michezo ya kuigiza kwa Kiswahili. George Senoga-Zake alitoka Uganda, na baadaye akaandika kitabu kikubwa juu ya muziki wa asili wa Kenya. Walikuwepo pia Peter Kibukosya na Washington Omondi. Wa tano ni wetu: Thomas Kalume, mtu wa kanisa, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Malindi Kaskazini. Nasikitika ninapokuta watoto wa huku huku wanaoimba wimbo ule kila wiki bila kulijua jina lake.

Tuni nayo haikutoka mbali. Ilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, majirani zetu wa kaskazini, na ulikuwa wimbo wa mama anayembembeleza mtoto alale. Mzee Meza Moroa Galana ndiye aliyewapa wale wanakamati. Wao wakaichukua sauti ile moja, wakaitafutia alto, teno na besi, wakaitilia maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza, beti tatu tatu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 ukaimbwa bendera ya Kenya ikipanda.

Siku moja uimbeni polepole, kwa solfa, bila maneno. Mtagundua hautulii kwenye do kama nyimbo nyingi za kwaya mnazozijua. Makao yake ni la. Ndiyo maana una ule uzito, hata bendi ya askari ikiupiga kwa tarumbeta. Mama wa Tana aliyeutunga kwanza hajulikani jina.

Narudi kwa Xian, kwa kuwa maisha yake hayakuisha Yan'an. Mwaka 1940 alitumwa Moscow kushughulikia muziki wa filamu. Mwaka 1941 vita vikalipuka huko pia, njia ya kurudi ikafungwa. Alikwenda Mongolia, akafundisha kwa jina la bandia. Akaishia Almaty, Kazakhstan, hana fedha, hajui lugha, mgonjwa, na mwanamuziki wa Kikazakhi, Bakhytzhan Baikadamov, akamkaribisha nyumbani kwake. Hata katika hali hiyo alitunga kazi juu ya shujaa wa Wakazakhi, Amangeldy. Almaty leo ina mtaa wenye jina la Xian Xinghai. Alifariki Moscow tarehe 30 Oktoba 1945, umri wake miaka arobaini. Majivu yake yalirudishwa China mwaka 1983, na mwaka 1985 chuo cha muziki cha Guangzhou kikachukua jina lake.

Alipokuwa ugenini aliiandika upya Kantata ya Mto Njano kwa okestra kubwa. Nyumbani walibaki na ile ya namba ya mwaka 1939. Baada ya kifo chake wengine wakaishika kazi hiyo: Li Huanzhi aliipanga upya mwaka 1955, Yan Liangkun na wenzake mwaka 1975, na kati ya hapo kundi jingine likaifanya kazi ya piano na okestra ambayo inapigwa dunia nzima. Kila toleo lina wapenzi wake. Mimi kwa wanafunzi ningeanza na lile la 1939, na sina shaka na hilo. Lilitungwa kwa ajili ya watu wasio na kitu. Shule isiyo na piano haitapata aibu mbele ya wimbo ambao mwenyewe ulizaliwa na debe na beseni, na kayamba zetu zinaweza kukaa pale palipokuwa na vikombe na vijiko. Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu mwaka 1927. Jukwaa la kuupeleka halikosekani.

Kuna jambo moja ambalo wengi mnalichukulia vivi hivi. Mnaniambia, babu, siku hizi wimbo unahifadhiwa kwa simu, unabonyeza tu. Simu ni nzuri, rekodini. Lakini nendeni mkaisikilize rekodi ya kwaya iliyopigwa ukumbini, mniambie alto anaimba nini katika ubeti wa pili. Hamtaisikia. Soprano imemfunika, besi inavuma tu, teno amepotea. Baada ya miaka ishirini kwaya ile ikitawanyika, mtu akitaka kuufundisha wimbo ule atapata sauti moja badala ya nne. Karatasi ya solfa inaweka kila sauti kwenye mstari wake, na mtu aliyezaliwa baadaye anaweza kuirudisha kwaya nzima. Xian alikufa mbali na kwao, bila hata rekodi moja ya siku ile ya Aprili kwenye vilima, na bado kazi yake inaimbwa kwa kuwa ilikuwa imeandikwa katika lugha ambayo askari wa kawaida aliweza kuisoma.

Kwetu hapa zimebaki nyingi ambazo hazijaandikwa. Makaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na mwaka uliofuata mila za makaya zikawekwa kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka. Nyimbo ni sehemu ya mila hizo. Kuna za kilimo, za harusi, za kulaza watoto, na kuna nyimbo za ngoma ya mwanzele ambazo wazee wanazijua vizuri kuliko vijana. Zipo pia za kaya ambazo si za kuandikwa na kila mtu; hizo waachieni wazee, na msiziguse bila ruhusa yao. Lakini za jikoni, za shambani na za kitandani hakuna anayewakataza. Hata kule Yan'an, mwezi ule ule Xian alipokuwa akila sukari yake, yeye na wenzake waliunda chama cha kukusanya nyimbo za wakulima wa vilima vile.

Kwa hiyo likizo hii chukueni daftari na penseli. Mwombeni bibi, shangazi au jirani awaimbie wimbo mmoja, mara tatu, polepole. Tafuteni do yake, andikeni kwa herufi au kwa namba, vyovyote mtakavyoweza, kisha muimbieni kwa kusoma mpaka aseme ndio wenyewe. Pale juu ya ukurasa andikeni jina la aliyewaimbia, aliyemfundisha yeye, kijiji, na tarehe. Nakala moja mpeni mwalimu wenu wa kwaya, nyingine ibaki nyumbani.